Ngoma Katika Ukungu wa Molo

Mji wa Molo umekaa juu ya miinuko ya Mau, yapata mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na mtu anayetaka kununua seti ya dramu kwa ajili ya kanisa au bendi ya huko hana budi kuitazama hewa ya mahali kabla ya kuuliza bei madukani Nakuru. Kwani alfajiri ukungu hutanda, adhuhuri jua huchoma, na alasiri huenda mvua ikaangukia mabati, na mageuzi hayo ya siku moja yana taathira juu ya kila kitu kilichowambwa ngozi.

Jambo hili wanalijua barabara Wakorino, ambao madhehebu yao yalichipuka katika nchi ya Wakikuyu mwishoni mwa miaka ya 1920, yakaenea hadi mashamba ya Bonde la Ufa pamoja na vibarua waliohamia huko, na ambao ibada zao ni nadra kufanyika pasipo ngoma. Ngozi ya ng'ombe hunywa unyevu uliomo hewani. Ikisha kuunywa hulegea, na sauti ikashuka na kufifia, hata mkwiro ukawa kana kwamba wapiga gunia la viazi. Dawa yake ni moto wa makaa: ngoma huelekezwa motoni kwa umbali, ikageuzwa polepole ili joto lienee, unyevu ukatoka, ngozi ikakaza, na sauti ikapanda. Walakini ustadi haumo katika kuipasha, bali katika kuujua ukomo, maana ngozi iliyopashwa kupita kiasi hukakamaa pale ukingoni ilipofungwa kamba au kupigiliwa misumari, ikachanika kwa pigo moja la nguvu. Na kwa kuwa katika baridi ya Molo ngozi hulegea tena pindi iondokapo motoni, mpigaji mwenye maarifa huipandisha kidogo kupita sauti aitakayo, akitaraji kwamba nyimbo za mwanzo zitaishusha hadi mahali pake.

Taabu hiyo ndiyo iliyowafanya Wamarekani wageukie plastiki, na mnamo 1957 Remo Belli akaanzisha kampuni ya kutengeneza nyuso za dramu za poliesta, ambayo hainywi maji asilani. Nani atathubutu kuwasha jiko mbele ya kwaya kila baada ya nyimbo mbili? Kwa seti ya Molo, basi, nasema bila kusita: plastiki, tena ile yenye matabaka mawili, kwa sababu huvumilia mapigo mazito na huzuia mwangwi mrefu. Ila mbao za mzinga bado ni mbao, zikitanuka na kusinyaa kwa unyevu, kwa hiyo seti isilazwe juu ya sakafu ya saruji wala kuegemezwa ukuta wa mabati unaotoa jasho usiku.

Ukubwa wa seti ndio unaopotosha wengi. Kabla ya padeli ya besi aliyoibuni William F. Ludwig mwaka 1909 kuenea, kazi ya mpiga dramu wa leo aghalabu iligawanywa baina ya watu wawili au watatu, sawa na ngomani pwani, ambako vumi, chapuo na msondo kila moja huwa na mpigaji wake. Mtu mmoja aliyerithi kazi ya watatu ana mikono miwili tu na miguu miwili, na kumzungushia dramu saba ni kumtafutia mashaka. Fauka ya hayo, nyumba ya mabati ina tabia yake: mabati membamba huziachia sauti nene zitoke nje kwa wepesi, lakini huzirudisha ndani sauti kali, zikagongana ukuta kwa ukuta. Mkosaji, basi, siyo besi. Ni snea na matoazi. Kwa kanisa la kadiri yatosha besi ya inchi 20 iliyotiwa blanketi ndani, snea ya inchi 14 yenye mzinga wa mbao, kwani ya chuma huwa kali mno humo, tomtomu moja ya inchi 12 na nyingine ya inchi 14 ya kusimama chini. Mpigaji naye akiacha kigongo cha padeli kigandamane na uso baada ya kupiga, pigo huwa fupi na kavu. Akikiacha kirudi, besi huvuma. Ndani ya mabati njia zote mbili zafaa, mradi achague kwa wimbo, si kwa mazoea.

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, walisema wahenga, lakini fundi wa dramu akifanya hivyo huiharibu sauti. Skrubu hukazwa kwa kukabiliana: moja, kisha ya upande wa pili, kila mara robo ya mzunguko, halafu uso hugongwa kwa kidole karibu na kila skrubu mpaka zote zitoe sauti moja. Uso wa chini, ambao wengi huusahau, hukazwa kupita kidogo ule wa juu ukitakiwa mvumo mfupi.

Fedha itakayookolewa katika idadi ya dramu iende kwenye matoazi. Seti za bei nafuu huja na matoazi ya shaba nyeupe, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, ambayo katika nyumba ya mabati huumiza masikio; yanayotakikana ni ya shaba nyekundu sehemu 80 na bati sehemu 20, mchanganyiko wa ukoo wa Zildjian, ambao karakana yao ilianza Istanbul mwaka 1623. Toazi moja jembamba la namna hiyo, hata likiwa limekwisha tumika, na jozi ya mguuni inayofunga sawasawa, vitalifaa kanisa la Molo kuliko dramu tatu za ziada.