Ukongwe si Uchakavu

Miongoni mwa maneno yanayotumiwa ovyo katika habari za usafiri ni "chakavu". Kila chombo cha miaka mingi, kiwe cha angani au cha majini, huitwa hivyo, nasi twaona kwamba matumizi hayo yana madhara. Neno lenyewe latokana na kuchakaa; mwenye kulitamka amekwisha kutoa hukumu kabla mkaguzi hajapanda chomboni. "Kuukuu" nalo linanuka matambara. "Kongwe" lataja umri tu, tena kwa heshima.

Tuchukue mfano wa Ikola, mkoani Katavi, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako meli iitwayo Liemba ilichukua abiria kwa miaka mingi. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916. Waingereza wakaiopoa 1924, ikarudi kazini 1927. Baadaye mashine za mvuke ziling'olewa, zikawekwa za dizeli. Je, umri wake ni upi? Bodi ni kongwe, mtambo sio. Na msafiri wa Ikola mwenye magunia yake ya dagaa hapati faida kwa kuambiwa kwamba meli ni ya zamani. Atakalo ni kujua kama mabati ya bodi yamepimwa unene, na kama maboya ya kujiokolea yanatosha.

Dhana hiyohiyo ndiyo inayosumbua katika maonyesho ya ndege za jeti za zamani. Tarehe 22 Agosti 2015, huko Shoreham, Uingereza, ndege ya kivita aina ya Hawker Hunter, iliyoundwa 1955, iliangukia barabara ikaua watu 11. Ripoti ya uchunguzi ya mwaka 2017 haikuutupia uzee lawama: ndege iliingia katika mzunguko wa wima kwa mwendo mdogo, ikafika kileleni ikiwa chini mno, na mzunguko ukaendelezwa. Siku mbili tu baada ya ajali, jeti za zamani zilikatazwa sarakasi juu ya nchi kavu. Kupita mbele ya watazamaji ziliruhusiwa.

Basi uamuzi ule haukuhusu ubora wa ndege, bali kazi iliyostahili kufanya. Ndiyo sababu hatuupendi msemo "cheti cha ubora" katika sheria za namna hii. Ubora hulinganisha bidhaa sokoni. Twapendekeza "ustahiki", kwa sharti kwamba neno lisiachwe pekee: ustahiki wa kupita, ustahiki wa sarakasi, ustahiki wa kuchukua abiria. Wako watakaopenda "ufaaji". Ni jepesi kinywani, lakini mahakamani litayumba.