Kubahatisha si kutegua: Tumekinyang'anya kitendawili mji wake

MCHEZO wa kutaja mahali palipofichwa umeshika kasi siku hizi. Utaukuta redioni asubuhi, mtangazaji akisoma dalili tatu nne nao wasikilizaji wakipiga simu kuutaja mji. Utaukuta pia kwenye simu za vijana: inatokea picha ya barabara isiyo na jina, na mchezaji anatakiwa kusema ni ya nchi gani. Wapo wanaotazama haya na kusema, "Aah, si hivi ndivyo vitendawili vyetu vya tangu jadi!"

Juma hili nataka kupinga kauli hiyo. Michezo hii ina raha yake na siwaombei wanaoicheza mabaya. Ila kuna kiungo kimoja cha kitendawili ambacho haina. Kibaya zaidi, kiungo hicho hakikupotelea kwenye simu. Kilipotelea darasani, mikononi mwetu sisi walimu.

Hebu tuanze na maneno yenyewe. Kitendawili hutegwa, kisha huteguliwa. Tega ni kitenzi cha mwindaji. Ndicho kinachotupa nomino mtego. Kiambishi -u- kilichomo katika tegua ni kile kile tunachokiona katika jozi za funga na fungua, ziba na zibua, fumba na fumbua. Wanaisimu huiita kauli ya kutendua. Maana yake ni kwamba anayetegua huutazama mtego jinsi ulivyofungwa, akaufungua kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua.

Sasa linganisha na kubahatisha. Neno hili limetokana na nomino bahati, likatiwa -isha. Anayebahatisha hatendui chochote. Ameiachia bahati imfanyie kazi, na hata akipatia, mtego unabaki umefungwa vile vile. Kwa hiyo mtu anaweza kupata jibu sahihi na asiwe ametegua kitu. Tofauti hii ndiyo msingi wa hoja yangu yote.

Tukumbushane utaratibu wenyewe. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Hadhira hujibu, "Tega!" Anatega. Watu wanajaribu, wanakosea, wanajaribu tena. Wakishindwa kabisa, mtegaji hawapi jibu hivi hivi. "Nipeni mji!" Mmoja anasema, "Basi chukua Kisumu." Mtegaji ana hiari ya kuukataa: "Kisumu siutaki, nipeni mwingine." Akipewa unaomridhisha, anaupokea kwa mbwembwe: nilikwenda Malindi, nikafika salama, wenyeji wakanilaki, nikala nikashiba, wakanituma niwasalimu. Hapo ndipo anapowapa jibu.

Vitabu vyetu vingi vya fasihi simulizi huutaja mji huu kwa mstari mmoja na kuuita adhabu au fidia ya kushindwa, kisha vikaendelea na mambo mengine. Kwa maoni yangu, mji unastahili zaidi ya mstari mmoja, kwani unafanya kazi tatu.

Kwanza, unakufanya kutojua kuwe na gharama, lakini gharama isiyomwaibisha mtu. Aliyeshindwa hachapwi wala halipi shilingi. Anatoa mji mzima, mali kubwa kuliko zote, ambayo hata haimiliki! Wote wanacheka, na katika kucheka huko amekiri mbele za watu kwamba hajui. Pili, mji unaweka safari kati ya kutojua na kujua. Jibu halimfikii msikilizaji papo hapo. Anasubiri, hamu inampanda, na likija analipokea kwa sikio lililokwisha kufunguka. Tatu, mji unambana mtegaji mwenyewe. Aliyekwisha kupokea Malindi na kula huko akashiba hawezi kuleta jibu la ovyo. Akilileta, hadhira itamguna.

Wala si ajabu kwamba kinachodaiwa ni mji, si mbuzi au shamba. Kiswahili kimekulia katika ustaarabu wa miji: Pate, Lamu, Malindi, Mombasa, Kilwa, kila mmoja na watawala wake na fahari yake. Katika mazingira kama hayo, kuukabidhi mji ni lugha ya kushindwa vitani.

Sasa tuje shuleni. Kwa miaka mingi, hadi mtihani wa mwisho wa KCPE ulipofanywa mwaka 2023, maswali ya Kiswahili yalikuwa ya kuchagua: A, B, C au D. Humo mlitokea maswali ya kumtaka mtahiniwa ategue kitendawili. Lakini atategua nini wakati jibu amekwisha kuwekewa hapo chini, limesimama na majirani watatu? Asiyejua kabisa alikuwa na nafasi moja kati ya nne, yaani asilimia 25, ya kupata alama. Hakutoa mji. Alitia alama ya penseli akaenda zake.

Watetezi wa mtihani huo watasema kwamba watahiniwa wa 2023 walikuwa zaidi ya milioni 1.4, na ni mashine tu iwezayo kusahihisha kazi ya umati huo. Hilo nalikubali. Tatizo ni kwamba ufundishaji uliufuata mtihani. Walimu wakaandika orodha ubaoni, watoto wakakariri: "Nyumba yangu haina mlango", yai. Mtoto aliyekwisha kuikariri orodha hana haja ya kulitazama yai. Na kitendawili ambacho jibu lake linajulikana kabla ya swali hakimtegi mtu yeyote. Kimegeuka jozi ya maneno, kama visawe na vinyume.

Kwenye michezo ya kutafuta mahali, matokeo ya mazoea haya yanaonekana waziwazi. Chukua mchezo wa GeoGuessr, uliobuniwa mwaka 2013 na Msweden Anton Wallén. Mchezaji huonyeshwa picha za barabarani zilizopigwa na magari ya Google, kisha huweka alama kwenye ramani mahali anapodhani ndipo. Wachezaji stadi ni watu makini, wala siwadharau. Wanachunguza rangi ya udongo, nguzo za umeme, na upande wa barabara ambao magari hupita. Wakiona kibanda cha M-Pesa wanatazama rangi: cha kijani ni cha Safaricom, kwa hivyo ni Kenya, chekundu ni cha Vodacom, kwa hivyo ni Tanzania. Huko, kwa kweli, ni kutegua. Macho yamesoma nchi.

Lakini je, unajua dalili maarufu zaidi ambayo wachezaji hao duniani kote huitambulia Kenya? Si Mlima Kenya wala matatu. Ni bomba! Gari lililopiga picha hizo nchini mwetu lilikuwa na bomba la kuvutia hewa lililosimama pembeni mwa boneti, na bomba hilo linaonekana katika picha. Mchezaji akiliona tu, anasema "Kenya" bila kuitazama barabara, watu wala mbingu. Anapatia. Ameijua nchi kwa chombo cha aliyekuja kuipiga picha. Tofauti yake na mtoto wa orodha ya yai ni ipi? Wote wawili wana jibu, na hakuna aliyekitazama kitu chenyewe.

Basi tujiulize: kitendawili kizuri cha mahali kikoje? Nitatumia mifano niliyojitungia.

"Mimi ndimi jiji changa kuliko yote nchini." Hiki si kitendawili, ni swali la chemshabongo. Kabla ya Agosti 2024 jibu lilikuwa Nakuru, lililopata hadhi hiyo 2021. Baada ya hapo likawa Eldoret. Jibu limebadilishwa na hati ya serikali, na ujuzi unaotakiwa ni wa kusoma gazeti tu. Hakuna kilichotegwa.

"Mstari usioonekana hunikata kiuno." Hapa kuna taswira, na sikio linapendezwa. Hata hivyo, mtego umelegea. Ikweta hupita Nanyuki, hupita Maseno, tena huvuka mpaka ikaingia Uganda. Mtegaji akidai mji kwa kitendawili hiki, hadhira ina haki ya kukataa, kwa sababu kila mmoja angeweza kuwa na jibu lake na asiwe amekosea.

"Kwangu pana madaraja, lakini gari langu huingia likiogelea." Hapo sasa kamba imekazwa. Jibu ni Mombasa. Ukitoka kusini kwa njia ya Likoni, gari lako hubebwa na feri hadi kisiwani, na jambo hilo halijakoma hata baada ya barabara ya Dongo Kundu kufunguliwa. Dalili mbili zinazoonekana kupingana zinapatana mahali pamoja, na ni aliyewahi kusimama kwenye foleni ya feri atakayezipatanisha haraka.

"Mji wangu wenyeji hawautaji, wanauhesabu." Jibu ni Eldoret, ambayo wengi huko huiita Sisibo, yaani nambari 64 ya Kiingereza iliyolainishwa na ulimi wa mitaani. Wengine husema hiyo ilikuwa nambari ya shamba la walowezi, wengine kwamba ni maili zilizohesabiwa kutoka kituo cha reli cha Londiani. Ona jinsi kitendawili kimoja kinavyobeba historia ya ardhi, ya reli na ya lugha. Bomba la gari halikufikishi huko hata ucheze usiku kucha.

Naam, ujuzi wa aina hii si mapambo. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, aliutaja mji wake kwa majina kama Mvita, Gongwa na Kongowea. Mwanafunzi wa leo akikuta Kongowea katika ushairi huo, mawazo yake yanakimbilia soko lililo bara, ng'ambo ya daraja la Nyali. Amebahatisha, na amekosea mji mzima! Mshairi alikuwa akisema juu ya Mombasa yenyewe. Mwalimu akimpa jibu hapo hapo kwa tanbihi, mwanafunzi ataliandika na kulisahau. Akimwacha kwanza ahangaike, adaiwe mji, autoe, ndipo aambiwe, halitamtoka.

Na tukumbuke mashairi hayo yaliishi katika zama gani. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilikuwa na uhasama, na malenga wa pande mbili, Muyaka huku na Bwana Zahidi Mngumi kule, walirushiana mafumbo yaliyohusu miji yao na nguvu zake. Kila upande ulipaswa kuyafumbua maneno ya mwenzake. Uhasama huo ulifika kwenye vita vya Shela, ambako Mombasa na washirika wake wa Pate walishindwa na watu wa Lamu. Hatimaye, mwaka 1837, Wamazrui waliipoteza Mombasa kwa Seyyid Said. Sisemi miji ilianguka kwa sababu ya mashairi. Ninachosema ni kwamba, katika zama hizo, "nipe mji" halikuwa neno la mzaha, na kufumbua lilikuwa jambo la watu wazima.

Tufanyeje, basi? Mtaala wa umilisi unazungumzia sana ujuzi wa mwanafunzi katika mazingira yake. Tuuchukue kwa neno lake. Mwalimu awaache watoto watunge vitendawili vya mahali wanapopajua: mto wao, soko lao, kilima chao, kituo chao cha matatu. Wenzao wategue. Wakishindwa, mji utolewe kwa sauti, ukataliwe, uongezwe, usafiriwe, kisha jibu lije na sababu yake. Jibu lisilo na sababu lisipewe alama, hata likiwa sahihi. Kazi hii haihitaji intaneti wala kitabu kipya. Inamhitaji mwalimu mwenye subira ya kutolitoa jibu mapema.

Nisije nikahubiri nisichotenda. Kitendawili!

Nimewasikia mkisema "Tega!"

"Mji wangu una jumba la kifalme, una msikiti, una visima, wenye mji ni kima."

Ni mahali halisi, tena hapa hapa Kenya, nanyi hamna A wala B ya kuchagulia. Mkishindwa, nipeni mji. Msinipe Nairobi tu. Foleni zake za magari sitaziweza.