DAMA, tuonyesheni kelele yenu

Wandugu, tangu miaka ya 1990 kundi la DAMA, chini ya mlima Gran Sasso kule Italia, linasema limeona maada ya giza, ile isiyoonekana lakini uzito wake unashikilia galaksi. Hoja yao si ya kijinga. Vimweko ndani ya fuwele zao za iodidi ya sodiamu vinaongezeka kidogo kuelekea Juni na kupungua kuelekea Desemba, sawa na vile tungetazamia Dunia ikizunguka Jua.

Shida yangu njo kelele, yaani vimweko vya kawaida: radoni ya hewani, uchafu wa mionzi ndani ya fuwele zenyewe, muoni chache zinazopenya mita 1,400 za mwamba. DAMA hawatoi hesabu kamili ya kelele hiyo. Wanachukua wastani wa kila mzunguko wa karibu mwaka mmoja, wanautoa, kisha wanatazama kilichobaki. Sasa, kama kelele yenyewe inapanda au kushuka polepole, kutoa wastani namna hiyo kunaacha meno ya msumeno, na meno hayo ukiyatazama haraka utasema ni wimbi. Wenzao wa COSINE-100, Korea Kusini, walijaribu njia hiyo kwenye data zao. Wimbi likatokea! Ila limegeuka, kilele mahali pa bonde. Kwa hiyo DAMA hawajashindwa hapo, lakini njia yao imeonekana inaweza kuzaa wimbi pasipo chembe yoyote.

Linganisheni na majirani zao wa mlima uleule, XENON1T. Mwaka 2020 walihesabu matukio 285 mahali walipotazamia 232. Magazeti yakakimbilia aksioni za Jua. Wenyewe waliandika wazi kwamba huenda ni tritiamu tu, atomu chache kwa kila kilo ya zenoni, kiasi wasichoweza kukipima. Kisha wakawasha XENONnT, yenye kelele iliyoshushwa hadi karibu moja ya tano. Mwaka 2022 ile ziada haikuwepo tena. Miaka miwili ya kazi, eti kwa kufuta habari yao nzuri; mie hapo njo ninawaamini.

COSINE-100 na ANAIS ya Hispania wametumia fuwele za aina moja na za DAMA, na wimbi lile hawajaliona. Kubakia paka data ghafi za DAMA ziwekwe mezani, watu wengine wazihesabu.