Zulia la Ardabil na Pindo za Mwenzake

Wasomaji wetu walioko Uingereza wengi wamekwisha kuliona zulia la Ardabil katika jumba la Victoria and Albert, London. Limetandikwa chini katikati ya ukumbi, ndani ya kioo, na taa huwashwa dakika 10 tu kila nusu saa ili rangi zisichujuke. Nasi tulilingojea gizani.

Ni zulia la maua. Urefu wake ni kiasi cha mita 10 na nusu, upana zaidi ya mita 5, na mafundo yake yakadiriwa milioni 26, kwa rangi 10 tu. Mashina yamejiviringa juu ya buluu iliyokoza, yakipishana bila kugongana, na hakuna ua ambalo mkulima angelitambua. Hapo ndipo penye ustadi, kwa rai yetu: fundi hakuiga bustani, bali ameonyesha mpango wake. (Neno lenyewe, bustani, asili yake ni Kiajemi.) Taa mbili zilizofumwa hazilingani ukubwa, na mengi yamesemwa, aketiye upande wa taa ndogo huziona sawa, na maelezo hayo yatutosha.

Upande mmoja pana maandishi: mwaka 946 wa Hijria, yaani 1539 au 1540, na jina la Maqsud Kashani, ajiitaye mtumwa wa kizingiti. Wajuao barua za wazee wetu, zilizotiwa saini kwa "al-haqiri", hawatababaika. Ni adabu, si hali yake.

Lakini tuna neno na jumba. Mazulia yalikuwa mawili. Katika karne ya 19, yakiwa yamechakaa, moja lilikatwa ili kulitengeneza la pili. Lililotengenezwa likanunuliwa mwaka 1893 kwa pauni 2,000, kwa ushauri wa William Morris. Lililokatwa, lisilo na pindo zake, liko Los Angeles, zawadi ya J. Paul Getty. Jumba halifichi habari hiyo, ila mpangilio wa ukumbi humfanya mtazamaji aamini anaona kitu kizima kama kilivyotoka kitandani mwa mfumaji. Kwa mwanahistoria kiraka nacho ni waraka, tena chenye tarehe yake. Sisi wenye jamaa Maskati, Unguja na Leeds hatuwezi kulipita jambo hili kimya. Picha ya zulia la Los Angeles, ikitundikwa ukutani pale pale, ingetosha.