Madoido Yamo Tumboni: Electra MPC Mikononi Mwangu

Jamani, nimelishika! Miaka yote nimekuwa nikilitazama pichani tu, na leo gita la Electra MPC limelala mapajani mwangu. Kabla hata sijagusa uzi mmoja nimeligeuza nione mgongo, maana uhondo wote uko huko. Unafungua kifuniko, unakuta nafasi mbili, na kwenye kila nafasi unachomeka moduli ya doido moja la sauti, kama unavyotia kaseti kwenye redio. Leo nimetia feza na fazi. Kesho nikitaka flenja, natoa moja natia nyingine, basi!

Na hii ni kazi ya miaka ya 1970! Wapiga gita wengine walikuwa wakitandaza pedali sakafuni na kuziunganisha kwa nyaya, huku St. Louis Music ya Marekani ikiuza magita haya, yaliyoundwa na kiwanda cha Matsumoku huko Japani, madoido yakiwa tumboni mwake na betri ya volti 9 ikiyatia uhai. Moduli zilizotoka zilizidi kumi. Ipo hata iitwayo Frog Nose, ya kusikilizia kwa hedifoni: usiku wa manane unacharaza utakavyo, na nyumba nzima imelala.

Nimeanza na feza. Swichi ndogo juu, tik, na sauti ikaanza kujikunja na kujikunjua kama ya mtoto anayeimba mbele ya feni. Nimepiga kodi ileile moja labda dakika kumi! Kisha fazi: mkwaruzo mnene, wenye nyama, noti ikishikwa inanguruma mpaka unaisikia kifuani. Halafu nikaziwasha zote mbili. Eh! Mkwaruzo wenyewe ukaanza kuzunguka chumbani.

Lakini kilichoniteka hasa ni mkono. Swichi ziko karibu na kidole changu cha mwisho, kwa hiyo nabadilisha sauti katikati ya solo, kati ya noti na noti, bila kuinamia sakafu kutafuta pedali kwa mguu. Mpiga solo anaweza kwenda kusimama karibu na ngoma, akarudi mbele kwa mwimbaji, na feza yake anayo popote alipo.

Moduli ya oktava bado imo kwenye kiboksi chake. Naichomeka sasa hivi.