Zimwi kwenye Karatasi ya Daktari

Zimwi wa ngano za Wakamba huitwa eimu. Huko Kanyangi, kama kwingineko Kitui na Makueni nchini Kenya, hadithi humleta akiwa amejigeuza kijana mtanashati, akaoa msichana aliyewakataa wachumba wote, na siku ya siku akatoa meno. Mwenzake wa Wagikuyu, irimu, ana mdomo wa pili kisogoni, umefichwa na nywele. Mara nyingi katika ngano hizo mwanamke ndiye kitoweo. Msanii Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, aliligeuza jambo hilo: kwake mwili wa zimwi ni wa mwanamke mwenyewe.

Kazi inayoonyesha hilo wazi zaidi ni Histology of the Different Classes of Uterine Tumors ya mwaka 2006, mfululizo wa picha 12. Karatasi zake za chini ni michoro ya kitabu cha tiba cha karne ya 19, ya mifuko ya uzazi yenye uvimbe na vidonda. Juu yake Mutu alibandika macho, midomo na vipande vya ngozi vilivyokatwa magazetini, akaongeza manyoya na vumbi la kumetameta. Kiungo kikageuka uso, na uso huo unamkodolea macho anayeuchungulia. Kutisha kwake hakutokani na damu. Kunatokana na kugundua kwamba daktari wa zamani na gazeti la mitindo walikuwa wamemkatakata mwanamke kabla mkasi wa Mutu haujafika.

Ufundi huo wa kubandika unafaa sana katika chapa. Kazi yake Second Born, ya mwaka 2013, imechanganya kolagrafu, chapa ya dijitali, dhahabu ya karati 24 na rangi iliyopakwa kwa mkono. Katika kolagrafu, bamba lenyewe hujengwa kwa kubandika: kadibodi, kitambaa, uzi, chochote chenye mwinuko. Hupakwa vanishi, kisha wino, nao hufutwa ukabaki kwenye mashimo na mikunjo. Hatimaye bamba hupita chini ya rola likiwa na karatasi iliyolowanishwa. Picha hutoka kinyume, kushoto kukiwa kulia, na karatasi hubaki na makovu yanayoweza kupapaswa kwa kidole. Mchoro wa kalamu hauna makovu hayo, na kwa kazi inayohusu miili iliyojeruhiwa, hilo si jambo dogo.

Tukirudi kwenye Histology, vumbi la kumetameta, kwa kweli, huzoeleka upesi. Kufikia picha ya tano limekuwa pambo tu. Macho hayazoeleki.

Baadaye Mutu aligeukia viumbe vya maji, ndugu wa mwanamke-samaki anayesimuliwa na wavuvi wa pwani. Maonyesho yake ya mwaka 2014 katika jumba la sanaa la Victoria Miro, London, yaliitwa kwa Kiswahili: Nguva na Nyoka.