Ukuta Usiopigwa Lipu

Ukifika kwenye kanisa la Kianglikana la kijijini, mahali popote kati ya Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, usikimbilie madhabahu. Zunguka nje kwanza. Simama penye pembe ya jengo, fumba jicho moja, tazama ukuta kutoka msingi hadi chini ya bati. Pembe ikiwa imenyooka na kila kozi ya tofali imekaa sawa, ujue hapo alipita mwashi wa kweli.

Sifa za makanisa makubwa huenda kwa wasanifu. Kanisa kuu la Namirembe, lililokamilika mwaka 1919, lilichorwa na Mwingereza Temple Moore, na jina lake halisahauliki. Huku chini ya milima ya Rwenzori mara nyingi hapakuwa na mchoro wala msanifu. Palikuwa na mchungaji, kamati ya ujenzi, waumini wa kubeba maji na mchanga, na fundi. Dayosisi ya Rwenzori Kusini, yenye makao yake Kasese, ilizaliwa mwaka 1984, lakini ufundi wenyewe ni mkubwa kwa umri kuliko dayosisi.

Ulianza na matete. Mfalme Kasagama wa Toro alibatizwa mwaka 1896, na mwaka huohuo Mganda Apolo Kivebulaya akavuka Semliki kwenda kuhubiri Mboga, upande wa Kongo. Makanisa ya wainjilisti wa siku zile yalikuwa ya miti, matete na nyasi. Nyasi hizo zilikaribia kummaliza Apolo: mkuki wake uliachwa humo, dada wa Tabaro, chifu wa Mboga, akauangukia akafa, na mwinjilisti akapelekwa Fort Portal akiwa mfungwa. Baadaye aliachiwa akarudi Mboga. Kanisa la matete lilidai kujengwa upya kila mara, kwa sababu mchwa haheshimu ibada, lakini ndilo lililotuachia umbo: ukumbi mrefu, milango ubavuni, paa la migongo miwili. Makanisa mengi ya tofali ya vijijini bado yana umbo hilo.

Tofali la kuchoma lilitokea Mengo, Buganda, ambako K. Borup wa shirika la misioni la CMS aliwafundisha vijana kufyatua na kuchoma. Kanisa la Namirembe lililotangulia hili la sasa, la mwaka 1904, lilikuwa na kuta za tofali na paa la nyasi, na mwaka 1910 radi ikaliteketeza. Wabenedikto waliofika Peramiho, kusini mwa Tanzania ya leo, mwaka 1898 nao waliweka karakana kando ya kanisa, vijana wakajifunza uashi na useremala. Nadhani hiyo ilikuwa hekima kubwa kuliko minara yao.

Sasa njoo kwenye tanuru. Udongo hukanyagwa kwa miguu hadi ulainike, ukafyatuliwa kwa kalibu, tofali zikaanikwa kivulini zisipasuke. Zikikauka hupangwa juu ya matundu ya kuni, rundo zima likakandikwa tope, moto ukakesha. Tanuru hula mikaratusi mingi, na hilo tusilifiche. Likipoa, fundi hachukui ovyo. Hugonganisha tofali mbili: zikilia kwa sauti kavu, zimeiva. Za pembeni, zilizopauka, huendea ukuta wa choo au uzio. Zilizokaa karibu mno na moto zimekuwa nyeusi na kupinda. Hizo hufukiwa kwenye msingi, pamoja na mawe ya mtoni. Na jiwe la mtoni ni laini mno, saruji hailishiki vizuri, kwa hiyo mwashi hulipasua kwanza. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, ulishusha mawe ya kujengea miaka mingi, pamoja na msiba.

Kabla ya kujenga, fundi huloweka tofali, maana tofali kavu hunywa maji ya saruji na kiungo hakishiki. Huvuta uzi, huteremsha timazi, hugonga kwa kitako cha mwiko. Chini ya paa huacha matundu ya hewa kwa kuruka tofali moja moja, kwa sababu joto la bonde la Kasese halina mzaha wakati wa mahubiri marefu.

Bonde hilo pia hutikisika. Tetemeko la tarehe 20 Machi 1966 liliua watu zaidi ya 100 upande wa Toro, na ardhi ikatikisika tena tarehe 5 Februari 1994. Ukuta wa tofali ni mzito na haupindi. Usipofungwa kwa mkanda wa zege pande zote, hufunguka penye pembe. Fundi anayeruka mkanda ili kuokoa mifuko michache ya saruji hastahili sifa hata moja ya hizi.

Siku hizi kamati zikipata fedha hupiga lipu, hupaka rangi ya malai, hubandika vigae. Lipu huficha kazi mbaya, na kwa bahati mbaya huficha nzuri vilevile. Ukuta mtupu hauna pa kujificha. Karibu na mlango utakuta jiwe la msingi lenye jina la askofu aliyeshika mwiko kwa dakika mbili. Ndugu wa kamati ya ujenzi, kuta za zamani ziacheni wazi, mzibe viungo vilivyoliwa na mvua basi. Na mkiweka jiwe jipya, chini ya jina la askofu mwandike la mwashi.